Jinsi ya kukokotoa uionishaji wa atomu kwa mwanga ndani ya plazma

Atomu ikipigwa na fotoni (chembe ya mwanga) yenye nishati kubwa kuliko ile inayoifunga elektroni, huifyonza fotoni na kuitoa elektroni. Hesabu ya tukio hilo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni eneo la kunasa, σ: ukubwa wa eneo, kwa sm², ambalo atomu moja huiwekea fotoni ya nishati fulani njiani. Ya pili ni kasi ya uionishaji, Γ: uwezekano wa atomu hiyo kupoteza elektroni katika sekunde moja, ikiwa ndani ya mwanga uliopo. σ ni mali ya atomu peke yake. Γ inategemea atomu, chanzo cha mwanga na plazma (gesi ya ioni na elektroni huru) iliyo kati yake.

Hesabu nyingi huharibika katika mpaka wa sehemu hizi mbili. Mtu huinoa σ hadi tarakimu ya nne wakati spektra ya chanzo chake ina mashaka ya mara mbili. Au huchukua σ ya atomu pweke na kuitia kwenye plazma nzito ambamo kizingiti, yaani nishati ya chini kabisa ya kuitoa elektroni, kimekwisha kuhama. Ndiyo maana kazi huanzia kwenye plazma, kisha inakwenda kwenye atomu.

Kabla ya kuwasha programu

Andika kwenye karatasi elementi na hali zake za ioni, halijoto ya elektroni T, msongamano wa elektroni n_e, na spektra ya mwanga. Kisha linganisha kT, yaani nishati ya kawaida ya mwendo wa joto, na nishati ya kizingiti χ. Katika gesi ya 10,000 K, kT ni 0.862 eV, wakati hidrojeni inahitaji eV 13.6. Migongano ya elektroni haifui dafu hapo: kazi ya kuionisha inafanywa na mwanga. Hali hiyo ndiyo ya nebula zilizo karibu na nyota za moto. Kinyume chake, kT ikipanda hadi kuwa sehemu kubwa ya χ na mwanga ukawa hafifu, kama katika korona ya Jua, elektroni hutolewa na migongano na Γ huwa nyongeza ndogo tu.

Kuna hali ya tatu. Plazma ikiwa nzito kiasi cha migongano kutawala kila ngazi ya nishati, mlinganyo wa Saha unakupa idadi ya kila ioni moja kwa moja, na huna haja ya Γ kabisa. Bado utahitaji σ, lakini kwa kazi nyingine: kujua mwanga unazuiwa kiasi gani unapopita. Ukigundua hili mapema unaokoa nusu ya kazi.

Chagua vizio na usivibadilishe katikati. Vinavyofaa hapa ni elektronivolti kwa nishati na megabani kwa eneo. 1 Mb ni 10⁻¹⁸ sm². Vigeuzi viwili utavitumia kila siku: 1 Ry (Rydberg) = 13.6057 eV, na urefu wa wimbi kwa nanomita ni 1239.84 ukigawanya kwa eV. Angalia mtego mdogo: 13.6057 ni ya kiini chenye masi isiyo na kikomo. Kizingiti halisi cha hidrojeni ni 13.5984 eV. Tofauti ni 0.007 eV, ambayo haionekani kwenye grafu lakini inatosha kuhamisha rezonansi nyembamba (kilele cha ghafla katika σ) isikutane na mstari wa spektra uliokuwa uikute.

Hidrojeni kwanza, hata kama huihitaji

Hidrojeni na ioni zote zenye elektroni moja zina jibu kamili. Kwa hali ya chini kabisa:

σ(E) = (6.30 Mb / Z²) · (χ/E)⁴ · exp[4 − 4·arctan(ε)/ε] / [1 − exp(−2π/ε)]

ambapo E ni nishati ya fotoni, Z ni chaji ya kiini, ε = √(E/χ − 1) na χ = 13.6·Z² eV. Iandike kama fanksheni na uijaribu kwa namba hizi, Z ikiwa 1:

- penye kizingiti: 6.30 Mb
- mara mbili ya kizingiti: 0.931 Mb
- mara kumi ya kizingiti: 0.00742 Mb

Penye kizingiti chenyewe ε ni sifuri, na kompyuta itagawa sifuri kwa sifuri. Weka sharti: ε ikiwa chini ya 10⁻⁴, rudisha 6.30/Z² bila kukokotoa.

Wengi hutumia njia ya mkato ya kusema σ hushuka kwa kipeo cha tatu cha nishati. Kwa namba zilezile, njia hiyo inatoa 0.788 na 0.00630 Mb, yaani inapunguza kwa takriban asilimia 15. Kwa makadirio ya haraka inakubalika. Kwa miale ya eksirei haifai, maana mbali sana na kizingiti mshuko wa kweli unakaribia kipeo cha 3.5, na kosa linageuka upande wa pili.

Kwa ngazi za juu tumia fomula ya Kramers: penye kizingiti, σ = 7.91·n·g/Z² Mb, ambapo n ni namba ya ngazi na g ni kirekebishi cha Gaunt kilicho karibu na 1. Kwa n = 1, g ni 0.797, na ndiyo inayorudisha 6.30. Kwa n = 2 kizingiti ni 3.40 eV na eneo ni kama 14 Mb. Angalia kwamba atomu iliyosisimka ni shabaha kubwa zaidi na inahitaji fotoni dhaifu zaidi. Ukiisahau katika plazma yenye ngazi za juu zilizojaa, utapoteza sehemu kubwa ya ufyonzaji wa mwanga unaoonekana na wa infraredi.

Jaribio la mwisho la hidrojeni ni jumla. Ukifanya integreli ya σ kuanzia kizingiti hadi nishati kubwa sana, jibu liwe 109.76 Mb·eV mara 0.435, yaani takriban 47.7 Mb·eV. Namba 0.435 ni sehemu ya nguvu ya mpito inayokwenda kwenye elektroni huru, 0.565 iliyobaki inakwenda kwenye mistari ya spektra. Ukipata 42.8, basi umetumia kipeo cha tatu bila kujua.

Atomu zenye elektroni nyingi

Hapa hakuna jibu kamili, kwa sababu elektroni zinasukumana. Mlinganyo wenyewe ni mfupi:

σ = 2.689 Mb · (ω/g) · S

ω ni nishati ya fotoni kwa Ry, g ni uzito wa takwimu wa hali ya kuanzia, na S ni nguvu ya dipoli kati ya hali iliyofungwa na hali ambayo elektroni iko huru, fanksheni yake ya wimbi ikiwa imesawazishwa kwa kila Ry moja. Ugumu wote umejificha ndani ya S. Programu ikisawazisha kwa kila eV au kwa kizio cha atomiki (ambacho ni Ry 2), jibu linatoka likiwa limekosewa kwa mara 13.6 au mara mbili. Kosa la mara mbili kamili, karibu kila wakati, linatoka hapa.

Kuna ngazi tatu za kazi, na si aibu kubaki kwenye ya kwanza.

Ya kwanza ni kuchukua fomula zilizokwisha kulinganishwa na data. Zile za Verner na wenzake za mwaka 1996 zinafaa kwa ganda la nje la atomu na ioni za hidrojeni hadi silikoni, pamoja na salfa, argoni, kalsiamu na chuma. Kila ioni ina vigezo vichache tu, na mkunjo wake ni laini: rezonansi zimelainishwa. Kama chanzo chako cha mwanga kina spektra pana isiyo na mistari mikali, tumia hizi na uendelee na mambo mengine.

Ya pili ni kukokotoa mwenyewe kwa mbinu ya uga wa kati, ambamo kila elektroni inaona kiini pamoja na wastani wa elektroni nyingine. Programu huria ya FAC, iliyoandikwa na Ming Feng Gu, ni mahali pazuri pa kuanzia. Mpangilio wake ni huu: taja atomu, taja mipangilio ya elektroni ya ioni ya kuanzia na ya ile itakayobaki, boresha uga wa kati, kokotoa muundo wa ngazi za zote mbili, kisha ita RRTable ukitanguliza kundi la hali zilizofungwa na kufuatiwa na kundi la ioni inayobaki. Mwito huo unakupa uionishaji na njia yake ya kurudi kwa pamoja. AITable ni mwito tofauti, wa hali zinazojiionisha zenyewe. Maana yake ni kwamba σ unayopata kwenye RRTable ni usuli tu, bila rezonansi. Wengi huichapisha wakidhani ni nzima.

Mbinu hii huwa bora kadiri chaji ya ioni inavyopanda. Kwenye ioni ya chuma iliyobaki na elektroni kumi, mvuto wa kiini unazidi sana msukumano wa elektroni, na makosa ni madogo. Kwenye atomu isiyo na chaji, hasa karibu na kizingiti, usiiamini.

Ya tatu ni R-matrix. Nafasi inagawanywa na tufe: ndani yake elektroni zote zinashughulikiwa pamoja kwa ukamilifu, nje yake elektroni moja inaondoka katika uga rahisi. Ndiyo mbinu iliyotumiwa na Opacity Project, mradi ulioongozwa na Michael Seaton tangu miaka ya 1980, na data yake ipo wazi katika hifadhidata ya TOPbase. Tazama humo kwanza. Huenda ioni yako imekwisha fanywa.

Ukilazimika kuifanya mwenyewe, mambo matatu yanaamua ubora. Nusu kipenyo ya tufe iwe kubwa kiasi kwamba obitali zote za ioni inayobaki zimefifia ukutani. Ukichagua ndogo, σ itaonyesha mawimbi ya uongo yanayohama kila ukibadili nusu kipenyo. Orodha ya hali za ioni inayobaki ijumuishe zote zilizo chini ya nishati ya juu kabisa unayoitaka, na kadhaa zaidi ya hapo. Na nishati za hali hizo zirekebishwe zilingane na zilizopimwa, kama zinavyotolewa na NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, kabla ya kutatua matriki. Ukirekebisha baadaye kwa kusogeza grafu nzima, vizingiti vitakaa sawa lakini rezonansi zitabaki zimekosea nafasi, kwa sababu kila msururu wa rezonansi unaning'inia kwenye kizingiti chake.

Kokotoa S kwa njia mbili, ya urefu (dipoli ikiandikwa kwa nafasi ya elektroni) na ya mwendo (ikiandikwa kwa kasi yake). Kwa fanksheni kamili za wimbi zingetoa jibu moja. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi karibu na kizingiti, ongeza mipangilio ya elektroni. Zikikubaliana, usifurahie mno: kuna hesabu mbaya ambazo njia zote mbili hukosea kwa kiasi kilekile. Jaribio lenye meno ni argoni. Eneo lake la ganda la 3p linaanzia 15.76 eV, ni kubwa, halafu linazama hadi bonde refu karibu na 48 hadi 50 eV kabla ya kuinuka tena. Bonde hilo, linaloitwa kwa jina la Cooper, linatokea pale sehemu chanya na hasi za integreli ya dipoli zinapofutana. Fomula yoyote ya mshuko laini inalikosa.

Rezonansi: hapa ndipo muda uende

Fotoni inaweza kusisimua elektroni mbili kwa pamoja, au moja ya ndani, na kuiacha atomu kwenye hali iliyo juu ya kizingiti. Hali hiyo hudumu kidogo, kisha inajiionisha. Njia hii na ile ya moja kwa moja zinaishia mahali pamoja, kwa hiyo zinaingiliana, na matokeo yake ni umbo ambalo Fano alilieleza mwaka 1961:

σ = σ_a · (q + e)² / (1 + e²) + σ_b, ambapo e = (E − E_r)/(Γ_r/2), E_r ni nishati ya rezonansi, Γ_r upana wake, q kigezo cha umbo, σ_a sehemu ya usuli inayoingiliana na rezonansi na σ_b sehemu isiyoingiliana

Heliamu ina mfano unaofaa kujifunzia. Hali yake ya 2s2p, ambamo elektroni zote mbili zimesisimka, iko 60.15 eV, upana Γ_r ni takriban 0.037 eV na q ni takriban −2.75. Kutokana na namba hizo, kilele kinakaa 60.143 eV na ni mara 8.6 ya usuli, halafu sehemu ndogo tu mbele yake, 60.20 eV, eneo linashuka hadi karibu na sifuri. Kilele na shimo vimeachana kwa chini ya sehemu ya kumi ya elektronivolti. Gridi yenye hatua za 0.1 eV inaweza kuviruka vyote viwili, au ikatua kwenye kilele na kukipa upana ambao hakina. Utapata mkunjo mzuri usio na dalili yoyote ya tatizo.

Weka walau hatua kumi ndani ya upana wa rezonansi: kwa hii, 0.004 eV au pungufu. Lakini usiitumie hatua hiyo kila mahali, utajaza diski bure. Rezonansi za msururu mmoja zinasongamana kuelekea kizingiti chake kufuatana na E = E_t − z²/(n − μ)² kwa Ry (E_t ni kizingiti hicho, z chaji ya ioni inayobaki, μ kirekebishi cha namba n), na upana wake unapungua kwa kipeo cha tatu cha (n − μ). Gridi inayofaa hugawanywa kwa namba hiyo ya (n − μ), si kwa nishati: hatua ya 0.01 inatoa pointi 100 kwa kila rezonansi kuu, iwe ya chini au ya juu. Ukifika karibu na n = 10, acha kufuatilia moja moja na utumie wastani wa Gailitis, unaozichukua rezonansi zilizosongamana kwa pamoja, hadi kwenye kizingiti.

Swali la kujiuliza kabla ya kuteseka: je, rezonansi hizi zina uzito katika kazi yangu? Kuna hesabu ya haraka. Ongezeko linaloletwa na rezonansi moja, juu ya usuli, ni σ_a·(q² − 1)·π·Γ_r/2. Kwa 2s2p ya heliamu ni sawa na usuli wa upana wa 0.38 eV. Chini ya spektra pana inayoanzia 24.6 eV na kupanda hadi mamia ya eV, hilo ni tone. Chini ya mstari mmoja mkali unaoangukia 60.14 eV, ndilo kila kitu.

Kwa chuma chenye chaji ya wastani mambo hugeuka. Rezonansi ni nyingi sana na zinapandana. Jumla yake inaweza kuuzidi usuli, na hapo fomula laini hazitoshi.

Mwendo wa joto wa atomu nao hutanua rezonansi. Kwa heliamu ya 10,000 K penye 60 eV, mtanuo wa Doppler ni kama 0.0013 eV, mdogo mbele ya 0.037. Ila rezonansi ya n = 10 katika msururu huo ina upana wa asili wa kama 0.0003 eV kwa makadirio ya kipeo cha tatu, na hapo Doppler ndiyo inayoamua umbo. Changanya σ na mkunjo wa Doppler baada ya kuikokotoa kwa gridi nzuri. Kulainisha kabla hakurudishi kilichopotea.

Elektroni ikitoka ndani

Fotoni ya eksirei hupenda elektroni za ndani. Kizingiti cha ganda la K, lililo ndani kabisa, kwa oksijeni ni takriban 0.54 keV, kwa chuma 7.112 keV. Shimo linaloachwa ndani hujazwa na elektroni ya nje, na nishati inayobaki hutoka kama fotoni au humfukuzia mbali jirani, ambayo ni njia ya Auger. Kwa oksijeni Auger hushinda zaidi ya mara 99 katika 100. Kwa shimo la K la chuma, fotoni hutoka kwa uwezekano wa kama 0.34, palipobaki ni Auger, na kila hatua hufungua mashimo mengine juu yake hadi elektroni kadhaa ziondoke kwa fotoni moja.

Athari yake kwenye programu ni hii: usiandike mizani ya ioni kana kwamba kila ioni inaungana na jirani yake tu. Kutoka ioni i unaweza kuruka hadi i+2, i+3 na zaidi. Tumia matriki kamili ya kasi, na kila ganda la ndani liwe na mgawanyo wake wa idadi ya elektroni zinazotoka. Usipofanya hivyo ioni za chaji ya juu zitatoka chache kuliko zilivyo.

Kutoka σ hadi Γ

Γ = ∫ (4πJ_ν / hν) · σ(ν) dν, kuanzia kizingiti

J_ν ni ukali wa wastani wa mnururisho pale atomu ilipo, si pale chanzo kilipo. Gawanya kwa hν kabla ya kuzidisha kwa σ. Ukiisahau, vizio vitakufichua mara moja, mradi unavifuatilia.

Chukua nyota ya 40,000 K inayotoa fotoni 10⁴⁹ kwa sekunde zenye uwezo wa kuionisha hidrojeni. Umbali wa parseki 1, mtiririko ni 8.4 × 10¹⁰ kwa sm² kwa sekunde. Eneo la wastani, ukipima kwa spektra ya mwili mweusi wa halijoto hiyo, ni kama 3.4 Mb, zaidi kidogo ya nusu ya lile la kizingiti. Γ inatoka 2.8 × 10⁻⁷ kwa sekunde: kila atomu isiyo na chaji inaishi kama siku 41. Katika gesi ya chembe 100 kwa sm³, ambamo elektroni hurudi kwa kasi ya 2.59 × 10⁻¹³ sm³ kwa sekunde, sehemu isiyoionishwa ni 100 × 2.59 × 10⁻¹³ ÷ 2.8 × 10⁻⁷, karibu 10⁻⁴. Mwanga hafifu hivyo, na bado gesi karibu yote imeionishwa, kwa kuwa elektroni zinachelewa kuonana tena na ioni.

Fuata nyota hiyohiyo hadi fotoni ziishe na utapata nusu kipenyo cha Strömgren, yaani cha tufe la gesi iliyoionishwa, cha parseki 3.15. Ukingoni gesi inageuka kuwa ya kawaida ndani ya umbali mfupi mno: urefu wa wastani ambao fotoni ya kizingiti husafiri katika hidrojeni nzima ya chembe 100 ni 1.6 × 10¹⁵ sm tu, chini ya sehemu moja kati ya 6,000 ya nusu kipenyo. Gridi yenye matabaka sawa 100 itauona ukingo kama ngazi moja. Fanya hatua zifuate kina cha mwanga, si umbali.

Kadiri unavyoingia ndani ya wingu, fotoni za karibu na kizingiti huliwa kwanza na zile kali hubaki. σ ya wastani kwa hiyo hupungua njiani. Usiikokotoe mara moja penye chanzo na kuibeba hadi mwisho.

Njia ya kurudi

Uionishaji na kunaswa tena kwa elektroni vimefungwa pamoja na uhusiano wa Milne:

σ_kurudi = (g_i/g_+) · (hν)² / (1.022 × 10⁶ eV · E_e) · σ

hν na E_e zote ni kwa eV, E_e ikiwa nishati ya elektroni huru; g_i na g_+ ni uzito wa takwimu wa atomu na wa ioni. g_i ya hidrojeni kwenye hali ya chini ni 2, g_+ ni 1. Ifanyie wastani wa kasi za Maxwell kwa 10,000 K, na upate 1.58 × 10⁻¹³ sm³ kwa sekunde. Jaribio hili ni kali kuliko linavyoonekana, kwa sababu elektroni za joto hilo zinaona eV chache tu za kwanza juu ya kizingiti. σ iliyo nzuri kwenye grafu ya logi lakini mbaya hapo itaumbuka.

Ukitumia σ yenye rezonansi, njia ya kurudi tayari ina sehemu ya kunaswa kunakosisimua elektroni ya pili. Usiongeze tena kasi hiyo kutoka jedwali jingine kwa ngazi ileile.

Katika plazma yenye mwanga mwingi kuna pia kurudi kunakochochewa na fotoni. Kwenye usawa wa joto kirekebishi ni (1 − exp(−hν/kT)). Kwa hidrojeni ya hali ya chini katika 10,000 K kinakaribia 1 kiasi cha kupuuzika. Kwa n = 10, ambayo kizingiti chake ni 0.136 eV, ni 0.15: ukikiacha, ufyonzaji wako ni mkubwa mara sita na zaidi ya ukweli.

Plazma ikiwa nzito

Majirani wenye chaji wanaufunika mvuto wa ioni, na kizingiti kinashuka. Makadirio ya Debye: ΔE = z·1.44 × 10⁻⁷ eV·sm ÷ λ, ambapo z ni chaji ya ioni inayobaki na λ = 743·√(T/n_e) sm, T ikiwa kwa eV. Kwa T ya 100 eV na n_e ya 10²¹, ukihesabu elektroni peke yake, λ ni 2.35 × 10⁻⁷ sm. Kwa oksijeni yenye elektroni moja ya mwisho, z = 8, kizingiti cha 871 eV kinashuka kwa 4.9 eV. Kwa hali ya chini hilo si kitu. Lakini ngazi za juu ya n = 13 zinafungwa na nishati ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo hazipo tena, na jumla za Saha zinazozihesabu zitavimba.

Hata kabla ya kufutika, ngazi huyeyuka kwenye mistari inayopandana. Kwa hidrojeni kanuni ya Inglis na Teller inasema log n_e = 23.26 − 7.5·log n: penye 10¹⁴ kwa sm³, mistari ya kuelekea juu ya n = 17 haitengani. Ufyonzaji hapo unaendelea chini ya kizingiti bila kidato. Hapa chagua njia moja. Ama ushushe kizingiti na kukata ngazi, ama uache kizingiti mahali pake na kuzipa ngazi uwezekano wa kuwepo kama walivyofanya Hummer na Mihalas mwaka 1988. Ukifanya yote mawili, nguvu ileile ya mpito inahesabiwa mara mbili. Linganisha jumla na ile ya atomu pweke nayo itakuonyesha.

Kwa msongamano ulio karibu na wa yabisi, Debye haifai, na mifano miwili inayotumika zaidi haikubaliani. Vipimo vya alumini kwenye leza ya eksirei ya LCLS, Marekani, mwaka 2012 viliegemea upande wa Ecker na Kröll; vya leza ya Orion, Uingereza, mwaka 2013 viliegemea Stewart na Pyatt. Endesha hesabu kwa mifano yote miwili na utoe tofauti yake kama ukubwa wa mashaka. Na kwa chuma ongeza tahadhari: mwaka 2015, kwenye mashine ya Z ya Sandia, chuma cha halijoto ya kati ya milioni 1.9 na 2.3 K kilizuia mwanga kwa asilimia 30 hadi 400 zaidi ya mifano ilivyotabiri, kutegemea urefu wa wimbi. Ukikokotoa chuma katika hali hizo, toa σ pamoja na orodha ya mipangilio ya elektroni uliyoijumuisha na nishati ulipoikatia, ili anayelinganisha na kipimo ajue pengo limetoka kwenye atomu au kwenye plazma.